Usimwambie mgeni "haina shida" kabla hujaona karatasi zake

Kijana alikuwa wa Chile, begi moja tu mgongoni, viatu vimeshonwa kwa uzi wa nyavu, akakaa kwetu siku 9. Kwetu yaani hapa gesti ninapofanya kazi, Lamu mjini, nyuma ya ngome ukipanda kidogo, vyumba 6 na dari la makuti juu ambapo wageni hulala mchana upepo ukipita. Alikuja kwa barabara kutoka Uganda, na usiku wake wa mwisho tuko barazani tunakunywa kahawa akaniuliza, eti keshokutwa naruka Zanzibar, nimesikia wanataka kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, we waonaje? Nami bila hata kuweka kikombe chini nikamwambia kaka haina shida, hiyo hawaulizagi.

Waliuliza. Pale pale kaunta, begi halijawekwa hata kwenye mizani, kadi iko wapi, hana, basi hapandi. Akanitumia vois, nyuma yake nasikia spika za uwanja zinatangaza ndege za watu wengine, anaongea taratibu, hanilaumu, ananiuliza tu sasa nifanyeje. Tiketi ikapotea, pesa ya chumba aliyotanguliza kule ikapotea, akatafuta pa kuchomwa sindano akachomwa, halafu ndio akaambiwa kadi yenyewe inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Siku 10, kwa mtu anayepiga hesabu ya chapati na maharagwe kila siku ili pesa imfikishe mwisho wa safari! Zanzibar hakuiona. Alikaa Mombasa siku chache akabadilisha tiketi ya kurudi kwao, na kubadilisha nako kulikuwa kwa pesa.

Nimeliweka hili moyoni muda mrefu na leo naliandika manake najua si mimi peke yangu. Huku kwetu, Lamu, Shela, Malindi, Watamu kote, tunaopokea wageni tuna ulimi mwepesi sana kwenye mambo ya karatasi. Mgeni akiwa na wasiwasi tunaona kazi yetu ni kumtuliza. Na ni kweli, mgeni njoo mwenyeji apone, sisi wengine tumesomeshwa na hawa wageni, lakini kwenye pasipoti na kadi na mihuri utulivu haumsaidii, kinachomsaidia ni jibu la kweli hata likimtia presha.

Tuanze na hiyo kadi ya njano basi, kwa sababu ndio inayowaumiza wengi wanaopita kwetu. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kwa hiyo anayetoka kwetu kuingia Tanzania, na Zanzibar ni humo humo, anatakiwa awe na kadi, hata kama kwao ni Ujerumani au Chile. Wageni hapa ndipo wanapokosea, wao wanahesabu walikozaliwa, lakini mpakani wanahesabu ulikotoka. Utamsikia, mimi ni Mjerumani, kwetu hakuna ugonjwa huo. Ni sawa, lakini wiki tatu zilizopita ulikuwa Kampala unaumwa na mbu kama sisi. Sindano yenyewe ni moja kwa maisha yote, tangu tarehe 11 Julai 2016 WHO walishasema kadi haiishi muda, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni nzima, kwa hiyo mgeni akikwambia yangu imeekspaya mwambie aitafute asiitupe. Lakini zile siku 10 za mwanzo hazina njia ya mkato. Uliza mgeni siku ya kwanza anapoweka begi chini, usingoje usiku wa mwisho kama nilivyofanya mimi.

Nitasema kitu kuhusu mimi kidogo halafu nirudi kwa wageni.

Mimi ni Mbajuni, watu wa pwani na visiwa hivi mpaka Kismayu, Somalia. Nilipokwenda kutafuta kitambulisho nikiwa na miaka 18 nilihojiwa na wazee, umezaliwa wapi, babako nani, babu yako alizikwa kisiwa gani, mtaje babu wa babu yako, na cheti cha kuzaliwa ninacho mkononi. Nilirudishwa mara tatu. Karibu mwaka mzima nilikuwa kijana mzima mwenye ndevu siwezi kupanda basi kwenda Mombasa bila kuogopa kila kizuizi, nikisikia breki naanza kutokwa na jasho. Kwa hiyo mimi najua mtu asiye na karatasi anavyosikia tumboni. Nilijua kabla sijampokea mgeni hata mmoja. Ndio maana lile neno nililomwambia yule kijana linaniuma zaidi, mtu mwingine angelisema kwa kutojua, mimi nilijua.

Haya. eTA.

Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza, ikaweka hii eTA, kibali cha kusafiri kinachoombwa onlaini. Sasa mtaani watu walisikia nusu ya kwanza tu. Viza imeondolewa, njooni! Nimewaona kwa macho yangu makapteni wa mashua wakiwaandikia wageni WhatsApp hivyo, kwa nia njema kabisa. Lakini mgeni lazima aombe kabla hajapanda ndege, alipe dola 30 na makato kidogo ya malipo juu yake, apakie picha ya ukurasa wa pasipoti, picha ya uso wake, taarifa za ndege na mahali atakapolala, na wanashauri uombe angalau siku 3 za kazi kabla. Hakuna tena ile ya kufika uwanjani ukapanga foleni ukanunua viza dirishani. Asiye na eTA huko huko kwao anaachwa na ndege.

Na hapa kuna wizi mkubwa jamani. Websaiti ya serikali ni etakenya.go.ke, basi, ukiona mwisho wake si go.ke toka. Ziko nyingine zimewekwa bendera, zimewekwa twiga, zimewekwa picha ya simba, zinatokea juu kabisa ukitafuta, na zinachaji watakavyo. Mke na mume wa Kihispania walikuja mwezi wa pili wakaniambia wamelipa zaidi ya dola 90 kila mmoja, wao wanajua ndio bei. Niliwafungulia ile ya kweli kwenye simu yangu tukailinganisha, yule mama akanyamaza, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Hizo pesa walikuwa wameziweka kwa safari ya mashua ya siku mbili kwenda Kiwayu na hawakwenda. Ukifikiria, na yule kapteni alikosa, na mpishi wake alikosa. Kwa hiyo siku hizi mtu akinitumia meseji kuulizia chumba, kabla ya bei namtumia kwanza ile anwani. Haichukui hata dakika.

Kuna wengine wananiomba niwaandikie barua ya bukingi waiweke kwenye fomu na hawana nia ya kulala kwetu. Siandiki. Si kwamba ni roho mbaya, ile fomu ni tamko lako kwa serikali ya watu, ukiulizwa uwanjani unalala wapi ukajiumauma utaanza safari yako vibaya.

Majirani wa Afrika Mashariki hawaombi eTA, na tangu 2025 Waafrika wengi nao wameondolewa, isipokuwa Somalia na Libya. Nafurahi, lakini kwetu sisi Wabajuni hapo kwenye Somalia panauma kidogo, manake kuna watu wana mashangazi Kismayu, lugha moja, chakula kimoja, na mpaka huo ulifungwa 2011. Tuyaache.

Kitu kingine wanachochanganya ni ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki. Ni dola 100, siku 90, unaingia na kutoka, lakini ni Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania haimo! Jina linawadanganya, mtu anaona Afrika Mashariki anajua Zanzibar imo, anafika Horohoro, mpakani upande wa Tanzania, anatoa ile, anaambiwa lipa tena dola 50, na akiwa Mmarekani ni 100. Na unaiomba kwa nchi utakayoingia kwanza, si yoyote tu. Kwa anayezunguka nchi hizo tatu inalipa, kwa anayekuja Kenya na Zanzibar peke yake haina maana yoyote. Zanzibar nao tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wana bima yao ya lazima, dola 44, unainunua hata kama umekuja na bima nzuri ya kwenu. Nayo ni karatasi, nayo mwambie mgeni mapema.

Pasipoti yenyewe. Kila mtu anajua miezi 6, iwe bado na miezi 6 ya uhai na ukurasa mtupu wa kugongwa mhuri. Lakini huku kwetu adui wa pasipoti ni maji. Msichana mmoja alivuka kutoka Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, siku ya bahari kuchafuka, pasipoti iko mfuko wa nyuma wa suruali, wimbi moja likampiga ubavuni akacheka, sote tukacheka, tulipofika juu akaitoa. Ukurasa wa picha ulikuwa umeanza kuachana na ile plastiki yake pembeni, kama ngozi ya kidole ukikaa sana majini, na wino wa mhuri mmoja umesambaa rangi ya zambarau mpaka ukurasa wa pili. Tuliianika kivulini, kila ukurasa nikauwekea kipande cha kitambaa cha pamba, tukaipepea jioni nzima, na haikurudi. Pasipoti iliyoharibika unaweza kukataliwa nayo kama vile huna. Alilazimika kwenda Nairobi ubalozini kwao. Sasa nawaambia wanunue ule mfuko wa mpira wa mabaharia, unaokunjwa mdomo, waweke humo na wauvae kifuani. Mfuko wa plastiki wa dukani usiwaambie, ulipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na wengine wanakuja nayo kutoka uwanja wa ndege wa kwao hawajui.

Na droni. Ukija na droni bila kibali cha mamlaka ya ndege itabaki uwanjani. Sina zaidi hapo.

Barabara sasa. Hapa nataka ndugu zangu wa Malindi na Watamu mnisikilize vizuri kwa sababu nyie ndio mnawatuma huku. Basi linatoka Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, halafu boti. Lami imewekwa, safari imekuwa fupi, lakini vizuizi vya askari vipo na sote tunajua kwa nini vipo, ni yale mashambulizi ya barabarani. Gari linasimama, mnaambiwa shukeni, wanaume mstari wao na wanawake mstari wao, kila mtu kitambulisho mkononi, mnatembea kwa miguu mmoja mmoja mbele ya askari, basi linavuka tupu linawangoja mbele. Sisi tumezoea, unamuona mama na mtoto mgongoni kitambulisho ameshakitoa kwenye pindo la leso kabla gari halijasimama.

Nilikuwa ndani ya basi siku moja na kijana wa Poland. Amepanda Malindi. Kule alikofikia wamemwambia pasipoti iache kwenye sefu ni salama zaidi, beba picha kwenye simu inatosha. Simu ilikuwa na chaji ya 4. Askari akaitazama, ikazima mkononi mwake. Yaani nilishuhudia. Kijana anajaribu kuiwasha, kidole kinatetemeka, nyuma yake watu 50 wamesimama juani, kondakta anamuombea, mama mmoja wa Witu naye anasema huyu ni mtoto wa watu jamani tumemuona akipanda, mimi nikasogea nikasema mimi nitamdhamini, nafanya kazi Lamu. Haikusaidia, na sikasiriki na yule askari, kazi yake ni hiyo na ndugu zetu wamekufa kwenye barabara ile. Akawekwa kando, sisi tukaondoka, akarudishwa Malindi na gari la jioni. Alikuja kufika Lamu siku mbili baadaye, pasipoti ameining'iniza shingoni.

Kwa hiyo mwenye gesti Malindi, sefu yako ni ya mgeni anayekwenda kuogelea. Anayekuja Lamu abebe pasipoti yenyewe, na kopi ya karatasi aiweke mahali pengine kabisa kwenye begi, na picha ajitumie kwenye imeili. Kopi ni ya siku ikipotea ile halisi, hapo utaenda polisi uandikishe upewe abstrakti, ile hati yao kwamba umeripoti kupotelewa, uende nayo ubalozini, na ukiwa na kopi wanajua wewe nani ndani ya saa moja, usipokuwa nayo ni siku kadhaa za kuthibitishwa. Kopi haichukui nafasi ya pasipoti kizuizini.

Hapo hapo kwenye barabara kuna jambo la bima ambalo hakuna anayependa kulizungumza kwa sababu linatuharibia biashara, mimi nalizungumza. Serikali zao zinatoa maonyo ya usafiri. Uingereza kwa mfano imekuwa ikiwaonya raia wake kuhusu kaunti ya Lamu, lakini kisiwa cha Lamu na Manda ikivitoa nje ya onyo. Na bima nyingi za safari zina kifungu kimeandikwa kwa herufi ndogo, ukienda mahali serikali yako imekuonya hatulipi. Unaona sasa? Mtu huyo huyo akija kwa ndege mpaka Manda yuko ndani ya bima yake, akija kwa basi kupitia bara, akavunjika mguu Witu, huenda hana. Ni bahari ile ile, gesti ile ile, bima tofauti. Maonyo hayo hubadilika, kwa hiyo mwambie asome la nchi yake wiki ile anayosafiri, na asome na ile bima. Mimi napanda basi kila mwezi, simtishi mtu. Nasema ajue kabla hajachagua.

Halafu wanaonogewa. Hawa nawapenda, alikuja siku nne sasa ni mwezi wa tatu, anajua kuoka mkate wa mofa, punda wanamjua. Wazee wanasimulia miaka ya 70 mahipi walivyojaa mji huu, wamelala madarini, wanakuja kwa nchi kavu kutoka huko kwao mbali, na kumbe mpaka leo mji haujaacha kunasa watu. Sasa huyu naye ananiambia nina siku 90. Nani kakwambia? Fungua pasipoti. Tulifungua ya Mjerumani mmoja hapa barazani, mhuri uko kona ya chini umegongwa upande, na juu yake kwa kalamu ya bluu afisa ameandika siku alizompa, na hazikuwa 90, zilikuwa 30. Manake uwanjani aliulizwa unakaa muda gani akajibu wiki tatu, naye akaandikiwa inayomtosha. 90 ni kikomo cha juu, si haki ya kila mtu. Alikuwa amebakiza siku 5 na hajui. Kuongeza muda si kazi ngumu, unaomba onlaini kupitia eFNS ya idara ya uhamiaji, na jumla yote unaweza kufika miezi 6, lakini unaomba kabla hazijaisha. Zikiisha hapo wewe ni mkosaji, na mkosaji anaongea na watu wengine kabisa.

Kila msimu wa kaskazi pia haukosi mgeni anayeota kwenda Zanzibar na jahazi. Upepo unasukuma kusini, anamuona nahodha anapakia, anaona ndio njia. Naielewa ndoto hiyo, babangu mkubwa alikuwa akipakia boriti hapa Lamu na kwenda nazo Arabuni, nimelelewa na hadithi zake. Lakini nahodha hata zamani alikuwa na hati za chombo na orodha ya watu wake, hakuna aliyeingia bandari ya watu hivi hivi. Mgeni akitoka bila mhuri wa kutoka na akashuka upande wa pili bila mhuri wa kuingia, amevunja sheria za nchi mbili kwa safari moja, na yule nahodha amemtia matatani na chombo chake. Anayetaka kwenda kwa bei nafuu ashuke Mombasa apande basi, Lunga Lunga anagonga mhuri wa Kenya, Horohoro anagonga wa Tanzania, analala Tanga. Njia nzuri tu, nazi na mikorosho mpaka uchoke.

Sisi wenyewe nasi tusafiri basi! Mtoto wa dadangu ana miaka 23, ameona hawa wageni tangu mdogo, anataka naye abebe begi. Nikamkalisha. Uganda na Rwanda Mkenya anaingia na kitambulisho tangu 2014, kwa hiyo Kampala na Kigali unaweza kwenda hata kesho. Tanzania ni pasipoti au ile pasi ya muda. Afrika Kusini tangu Januari 2023 hatuombi viza, siku 90 kwa mwaka, lakini pasipoti na kadi ya njano lazima. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, unaomba kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, halafu unakwenda mwenyewe ukachukuliwe alama za vidole, na nikamwambia anza leo, usinunue tiketi ndio ukaombe pasipoti, watu wanalia kila siku kwa hilo.

Ulaya aliniuliza pia. Viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya kazi, tiketi, mahali pa kulala, na ukinyimwa pesa hairudi. Akanitazama. Yule Mhispania aliponung'unika kwamba dola 30 ya eTA ni usumbufu sikumwambia kitu kwa sababu ni mgeni wangu na hajui, lakini nilimuelezea baadaye tukiwa darini, kwa upole, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema hajawahi kuambiwa. Nadhani tuwaambie zaidi.

Sasa gesti nimeweka daftari. Mgeni akifika, chai kwanza, halafu ndio maswali, na siulizi kama polisi, nauliza nimekaa chini kama yeye. Unatoka wapi, unaelekea wapi baada ya hapa, nionyeshe mhuri, kadi ya njano ipo, bima yako inasemaje kuhusu barabara. Naandika tarehe ya siku zake kuisha kwenye ukuta karibu na funguo. Mwenzangu wa zamu ya usiku alisema nawatisha wageni na wataandika vibaya. Mpaka leo hakuna aliyeandika vibaya.

Chumba cha juu kuna msichana wa Korea, amekuja kupitia Nairobi anaelekea Zanzibar. Siku ya kwanza nilipomuuliza kadi akasema hana, rafiki yake alipita mwaka juzi hakuulizwa. Kesho yake nikamsindikiza mpaka Manda, akaenda kuchomwa Mombasa, akarudi, na tangu hapo tunahesabu. Amejifunza kuhesabu mpaka kumi kwa Kiswahili kwa sababu ya kadi hiyo, kila asubuhi akishuka ngazi ananionyesha vidole. Leo asubuhi ameshuka na mikono yote miwili wazi, kumi, na pasipoti kwenye mfuko wa mpira kifuani. Bima yake tumeisoma ukurasa kwa ukurasa tukitumia simu kutafsiri, ameamua ataondoka kwa ndege. Kesho saa nne namshusha gatini.